Viazi Vilivyorudi Nyumbani

Jumamosi moja mwishoni mwa Machi nilitoka nyumbani na trei za viazi vya mbegu, beleshi, chupa ya chai na nia moja: viazi viwe ardhini kabla ya adhuhuri. Jioni nilirudi na trei zilezile. Viazi vyote vilikuwemo, vimetulia kwenye vishimo vya trei za mayai, machipukizi yao mafupi ya zambarau hayajaonja udongo.

Mume wangu alichungulia ndani ya trei, akaniuliza, "Vipi, soko lilikuwa baya?"

Sikuwa na jibu. Siku nzima nilikuwa bustanini. Matope yalifika kwenye viwiko, mgongo ulilalamika, uso ulikuwa umepigwa na upepo wa huku Leicester, Uingereza, ambao hata jua likiwaka haukubali kushindwa. Lakini kazi niliyoiendea sikuifanya.

Nilianza vizuri. Nilinyoosha kamba, nikachimba mfereji wa kwanza, na hapo akatua yule ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa, robini. Ndege huyu hana haya. Ukigeuza udongo anakusogelea mpaka unaogopa kumkanyaga, na ukiacha beleshi limesimama, mpini ni kiti chake. Nikasimama nimpishe. Akavuta mnyoo, akaubamiza kwenye jiwe, akameza kipande na kuruka na kingine hadi kwenye uzio wa miti. Kumbe kuna kiota! Nikaenda kukitafuta. Sikukiona, ila nilikuta mizizi myeupe ya lile gugu linalojisokota kwenye kila kitu, na gugu hilo huwezi kulivuta nusu, kwa sababu kila kipande kinachokatikia ardhini kinakuwa gugu jipya. Nikapiga magoti. Nikaufuata mzizi mmoja mpaka kwenye mpaka wa jirani, na jirani yupo, na birika lake limechemka.

"Mama! Kuja hapa. Iko chai."

Basi.

Ukitoka kwenye chai ya tangawizi saa nane mchana wakati jua limetoka, sukuma wiki za mwaka jana zimepanda maua ya njano na nyuki wamezijaa, nani ana moyo wa kurudi kwenye mfereji wa viazi? Wenye moyo huo wapo. Mimi niliketi kwenye ndoo niliyoipindua nikawatazama nyuki.

## Simu ya Jumapili

Kesho yake nilimpigia mama, Lushoto. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za wote, akaniambia mvua imeshika, wanapanda maharage, na mgongo wake ni uleule. Akauliza kama na mimi nimeshapanda.

"Bado, mama. Jana nilikwenda lakini sikumaliza."

"Hilo shamba lako, mwanangu, huwa unapata magunia mangapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja hesabu. Nikamweleza kwamba kipande kamili huku ni kama mita za mraba 250 na mimi nina nusu yake, kwa hiyo hatuzungumzii magunia, tunazungumzia ndoo. Nikamweleza kwamba ni ardhi ya halmashauri na ninalipa kodi kila mwaka, na kwamba kuna watu kwenye orodha wanasubiri miaka wapate nafasi kama yangu.

"Unalipa ili ulime," alisema. Halikuwa swali.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia ni kwa ajili ya afya, na kwamba huku siku hizi kuna madaktari wanaowaelekeza watu wenye huzuni na msongo wa mawazo waende bustanini.

"Ajabu. Sisi jembe ndilo lililotupeleka kwa daktari."

Kisha akasema jambo ambalo limenisumbua wiki zote hizi, na ndilo lililonifanya niandike. Alilisema kwa upole, bila lawama: "Sisi tulilima ili ninyi msilime."

## Kulima kwa amri

Watu wa rika langu waliosomea Tanzania wanajua kwamba kwetu jembe halikuwa burudani. Lilikuwa kwenye nembo ya chama pamoja na nyundo. Mwaka 1972 tuliambiwa siasa ni kilimo. Mwaka 1974, mvua zilipokataa na nchi ikalazimika kununua chakula nje, kilimo kikawa cha kufa na kupona, na hata watu wa mjini wakatafutiwa mashamba. Shuleni tulilima kama adhabu. Mwanafunzi akichelewa, anapimiwa hatua zake za kulima. Akipiga kelele, hatua zinaongezwa. Halafu watu wazima wakashangaa kwa nini vijana hawataki kubaki vijijini.

Kwetu milimani kisa kinarudi nyuma zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliamuru Wasambaa walime matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu walikuwa na hoja zao, miteremko ya Usambara ni mikali kweli na mvua inabeba udongo. Lakini kazi iliwaangukia wanawake, juu ya kazi waliyokuwa nayo tayari, na asiyetimiza kipimo alitozwa faini. Watu walichukia mpaka TANU ikapata wafuasi kwa chuki hiyo, na kufikia 1957 mpango ulikuwa umekufa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliolima matuta hayo. Mpaka anakufa, ukitaja matuta mbele yake alikuwa anageuza uso na kutema mate kando.

Sasa fikiria: Mwingereza alimlazimisha bibi kulima, na mjukuu anamlipa Mwingereza amruhusu kulima. Bibi angecheka mpaka akae chini.

Kusema kweli, hawa nao vipande vyao havikuanza kama starehe. Sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri kutoa viwanja hivi ilitungwa kwa ajili ya watu wa kazi wasio na ardhi, wapate viazi na kabichi vya kulisha watoto. Vita vya Pili vilipoanza, serikali ikawahimiza watu walime kwa ajili ya ushindi, bustani za maua zikachimbwa, na vipande vikafika takriban milioni 1.4. Hapo waliolima walilima kwa sababu meli za chakula zilikuwa zinazamishwa baharini. Ni baadaye, maduka yalipojaa, ndipo jembe likageuka kuwa kitu cha Jumamosi.

Nilipoyafikiria haya yote nilijikuta nimekwama. Kama furaha yangu ya bustani inatokana na kwamba siihitaji bustani, hiyo ni furaha ya namna gani?

## Mzee wa mamung'unye

Jirani yangu wa bustanini, huyo mwenye birika, alizaliwa Jinja. Babu yake alitoka Gujarat, yeye mwenyewe alitoka Uganda mwaka 1972, kijana, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Halmashauri ya Leicester wakati ule ilichapisha tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije hapa, mji umejaa. Walikuja. Leo mzee huyu amekodi vipande viwili vya halmashauri ileile, na wakaguzi wakipita huwa wanamsifu kwa jinsi anavyovitunza.

Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani, kila kitu "iko". Tulipokutana mara ya kwanza aliniangalia nikihangaika na udongo wa mfinyanzi, akaniuliza natoka wapi, na nilipomjibu akaweka chini ndoo yake na kusema, "Basi wewe dada yangu kabisa." Siku hizi ananiita mama, na mimi namwita mzee.

Ana uwatu, ana dania, ana vitunguu saumu alivyovipanda tangu Oktoba. Lakini kinachomtoa kitandani ni mamung'unye. Ana kitalu nyumba cha mabomba na nailoni, amekifunga mwenyewe, na humo ndani kila Aprili anapanda mbegu za mung'unye kwenye vikopo vya mtindi. Mung'unye anataka joto. Leicester mwezi wa Aprili haina joto. Kila kikopo amekifunika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko anakifungua asubuhi na kukifunga jioni. Anakwenda pale mara mbili kwa siku kufungua na kufunga vifuniko vya chupa.

Nilimuuliza mbona anajisumbua, wakati mamung'unye yamejaa kwenye maduka ya Wahindi huku mjini, tena si ghali.

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaongea na mke wake. "Ile ya duka ni ya kula," alisema.

Hakuendelea, na mimi sikuomba ufafanuzi. Tulirudi kwenye chai.

## Usiku wa sakitu

Kuna mwaka mmoja ulionionyesha wazi umbali uliopo kati yangu na mama. Ilikuwa katikati ya Mei. Mahindi yangu nilikuwa nimeyaotesha ndani kwenye vikopo, nikayahamishia nje kama walivyofanya wengine wengi, kwa sababu wiki nzima kulikuwa na joto na watu walishavaa kaptula. Usiku mmoja mbingu ikakaa wazi, hakuna wingu, hakuna upepo, na kabla ya alfajiri sakitu, ile baridi inayogandisha umande, ikashuka. Asubuhi kila jani lilikuwa limelegea na kuwa jeusi. Nililishika moja likanibakia mkononi, bichi na lenye kuteleza, limekwisha.

Watu walisimama kwenye vijia wakitikisa vichwa. Wakasema ndivyo bustani ilivyo. Mmoja akaleta biskuti. Baada ya nusu saa tulikuwa tunacheka.

Mchana ule nilipita supamaketi nikanunua mahindi.

Mwaka mmoja nikiwa darasa la nne, vuli ilikataa kwetu. Maharage yalichanua vizuri, halafu mvua ikakatika yakiwa kwenye maua. Sikumbuki mtu aliyeleta biskuti. Nakumbuka mama akipima unga kwa kopo, anajaza, halafu anarudisha kidogo kwenye debe. Nakumbuka kile kidogo alichokirudisha kuliko ninavyokumbuka njaa yenyewe.

Kwa hiyo ninaposoma makala za huku zinazoeleza jinsi bustani inavyotufundisha kuachilia na kuukubali ulimwengu ulivyo, huwa nafunga ukurasa. Mahindi yakikufia na duka lipo barabarani, hujafundishwa kuachilia kitu. Umekwenda dukani.

## Makopo kwenye kibaraza

Ningeweza kuishia hapo, na kwa siku kadhaa nilidhani nimeshapata jibu: mama alilima kwa shida, mimi nalima kwa raha, tusichanganye mambo. Ni jibu safi, na lina aibu kidogo ndani yake, ya kutosha kunifanya nijione muungwana.

Kisha wiki mbili baadaye tukaongea kwa video. Mdogo wangu ndiye alikuwa ameshika simu, na kama kawaida yake hakuwa anaangalia anapoielekeza, kwa hiyo badala ya uso wa mama niliona kibaraza. Ukingoni mwa kibaraza kulikuwa na makopo. Makopo ya rangi, makopo ya Blue Band, ndoo iliyopasuka. Ndani yake begonia, waridi, na kwenye kopo moja la kivulini lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya msitu wetu, lenye majani ya manyoya.

Ua hilo ninalo dirishani hapa. Mume wangu alilinunua supamaketi, kwenye chungu cha plastiki, na ndilo lililokaa karibu na trei zangu za viazi tangu Februari. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani kule Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta milimani Usambara na kupeleka mbegu kwao. Wanasayansi wakalipa jina lake, na tangu hapo limekalia madirisha ya wazee wa Ulaya nzima. La mama halikupitia Ujerumani. Alilichimba mwenyewe alipokwenda kuokota kuni.

Makopo hayo yamekuwepo maisha yangu yote. Nimeyamwagilia, nimeyapiga teke nikicheza, nimetumwa kuyaingiza ndani mvua ya mawe ilipokuja.

"Mama," nikamwambia, "hayo maua yanakupa magunia mangapi?"

Kimya kidogo. Halafu kicheko, kile chake cha kukohoa.

"Hayo hayana magunia. Hayo ni yangu."

Nikamwambia basi na mimi bustani yangu ndiyo makopo yangu. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, kisha akaongeza kitu ambacho ningetamani ningekisikia mapema: "Ila masika yakikaza huwa siyaoni. Natoka alfajiri, narudi giza. Yananingoja mpaka Juni."

## Nani ana muda wa robini

Kwa hiyo jibu langu safi lilikuwa na tundu. Raha ya kuona kitu kikichipua mama anayo, na anaijua kuliko mimi, kwa sababu ameiona mara nyingi zaidi. Hata shambani anayo. Nikikumbuka vizuri, tukiwa tunapanda maharage alikuwa akisimama ghafla, anachukua udongo, anaufinya, ananusa, halafu anasema "haya" kwa sauti ya mtu aliyesalimiwa. Sekunde tatu. Kisha anainama tena, kwa sababu mvua ya masika haimngoji mtu, na maharage yanayopandwa wiki moja nyuma yanaweza kukuta mvua imeondoka yakiwa kwenye maua.

Alichokosa ni nafasi ya kukatizwa kazi. Hakuwa na Jumamosi ambayo inaweza kupotea yote kwenye mzizi mmoja wa gugu na birika la jirani, na jioni akarudi na mbegu zake mikononi, na bado wiki ijayo ikawa sawa tu. Mimi ninayo. Machipuko ya huku yananivuta kila upande kwa sababu baada ya miezi ya giza la saa kumi jioni kila kitu kinatokea pamoja. Saa zinasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na ghafla jioni ina mwanga, miti ya tufaha inachanua, mbayuwayu wanafika Aprili kutoka kusini mwa Afrika, wamevuka jangwa zima la Sahara, na mtu mwenye beleshi mkononi anasimama kuwatazama mpaka shingo imuume. Naweza kusimama kwa sababu mshahara wangu hautoki kwenye ule mfereji.

Huwa nasikia watu wakisema kwamba huku kuchelewa-chelewa bustanini ndiko hekima yenyewe, kwamba tupunguze mwendo. Sawa. Ila ningependa waseme pia bei yake, na nani aliilipa. Yangu aliilipa mwanamke aliyekuwa anasimama sekunde tatu.

Sijaona kama hiyo ni sababu ya kuacha kusimama. Nimejaribu, wikiendi iliyofuata, kwenda bustanini kama mama: kichwa chini, mstari baada ya mstari, simu imezimwa, mzee akiita nasema nakuja. Viazi vilikwisha kabla ya saa tano. Nilisimama pale na trei tupu nikiwa nimefanya kazi safi kabisa, na nikagundua kwamba nimemuiga tu mtu ambaye hakuchagua kufanya vile. Nikaenda kunywa chai.

## Habari za konokono

Mama sasa ameanza kuulizia bustani kila Jumapili, lakini si yangu. Yangu ameshaipuuza, nusu kipande cha viazi hakina cha kumwambia. Anaulizia ya mzee.

"Yule Mhindi, mamung'unye yake yameota?"

Yameota, mama. Ila wamekuja konokono wasio na magamba, wale wa kijivu wanaotembea usiku, wameingia chini ya chupa na kumaliza mche mmoja wote, wamebakiza kikonyo. Zamani watu hapa walimwaga vidonge vya buluu vyenye metaldihaidi, lakini kuanzia 2022 vimepigwa marufuku kwa sababu vilikuwa vinaua ndege na kalunguyeye. Mzee sasa anawaokota usiku kwa tochi, na mke wake amemwambia akiumwa kifua asimwamshe.

"Mwambie amwage majivu kuzunguka shina," akasema mama. "Majivu makavu. Mvua ikinyesha amwage tena."

Nikapeleka ujumbe. Mzee alisikiliza kwa heshima, akauliza mama yangu ana miaka mingapi na analima nini, akasema nimsalimie sana. Kuhusu majivu alikuwa na mashaka. Nyumba zetu zinapashwa moto kwa gesi, atayapata wapi? Na hata akiyapata, "hii konokono ya Leicester, mama, iko sugu. Hii haijui majivu."

Nilimfikishia mama jibu hilo Jumapili iliyopita. Amesema konokono ni konokono, na kwamba mzee huyo ni mvivu wa kutafuta kuni.